Ukuta wa njiti umepinda: kuijenga Beit al-Ajaib kwa viberiti ikasimama wima

Swali: Shikamoo fundi. Mi nipo Tanga, ni seremala msaidizi. Nataka kujenga Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe Zanzibar, kwa njiti za kiberiti, iwe kubwa kabisa, upana kama mita moja na nusu hivi. Nimeshaanza ukuta wa mbele, nimepanga njiti juu ya karatasi, nikamwaga gundi nyeupe nikaanika juani, jioni nakuta ukuta wote umejikunja. Picha hiyo hapo. Nifanyeje? Alafu njiti ngapi zitatosha, na vichwa navikata vipi maana vidole vimeshachoka? Na nikimaliza naweza kwenda kutafuta rekodi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Jengo ulilochagua limenifurahisha sana, na ukuta wako hauna ugonjwa wa kutisha, unatibika. Tuanze na huo ukuta maana ukishauelewa umeelewa nusu ya kazi nzima, hesabu za njiti tutafika.

Kilichoupinda ni maji. Gundi nyeupe ya mbao ina maji mengi ndani yake, we umeimwaga upande mmoja, njiti zikanywa, zikanenepa, na mbao kama unavyoijua hapo karakana inanenepa kwa upana, kwa urefu hata huoni tofauti. Sasa angalia ulichofanya: umepanga njiti kama 300 ubavu kwa ubavu, kila moja unene wake milimita 2, jumla sentimita 60. Kila njiti ikinenepa kwa asilimia 1 tu, kitu ambacho jicho halioni kabisa, ukuta mzima umeshaongezeka milimita 6. Alafu ukaupeleka juani, upande wa juu wenye gundi ukakauka fasta ukasinyaa, upande wa chini umefunikwa na karatasi bado una unyevu, yani pande mbili za kitu kimoja zinavutana kila moja kwake, na mshindi ni ule unaosinyaa. Ndo maana kwenye picha yako ukuta umejikunja kuelekea upande wa gundi. Kama ungejikunja kinyume chake ningeshangaa.

Kuuokoa huo wa sasa: chukua kitambaa, kiloweshe, kikamue vizuri, ufute upande ulioingia ndani, ule wenye bonde, mara moja mbili tu usiuloweshe mpaka gundi ikaanza kuwa nyeupe tena maana ikirudi nyeupe inalainika na njiti zitaanza kuachiana. Upande huo utanenepa kidogo na ukuta utaanza kujinyoosha. Hapo hapo uweke katikati ya vioo viwili au vigae viwili vya sakafu, nailoni juu nailoni chini gundi isishike kwenye kigae, pandisha matofali juu, uache kivulini. Kesho yake badilisha nailoni, geuza, rudisha matofali. Ukishanyooka usiuache hivyo hivyo, gundisha upande wa nyuma njiti za kukingama, zinazokata zile za mbele kwa pembe mraba, la sivyo mvua ya kwanza ikinyesha utarudi ulikotoka.

Na hapo ndo nataka ubadilishe njia yote. Usijenge ukuta, jenga paneli. Paneli ndogo, sentimita 15 kwa 15 inatosha, tabaka tatu: la kwanza njiti zimesimama, la pili zimelala, la tatu zimesimama tena. Plaiwudi imetengenezwa kwa akili hiyo hiyo, kila tabaka linamzuia mwenzake asinenepe, na idadi ni witiri ili mbele na nyuma vifanane, vikivuta vivute sawa. Tabaka mbili usithubutu, zitakunja tu. Gundi usimwage, chukua bomba la sindano la duka la dawa, toa sindano yenyewe, vuta gundi, upitishe mstari mwembamba kwenye ubavu wa njiti alafu uisukume kwa mwenzake, inayofura nje futa pale pale kwa kidole au kwa njiti. Gundi ikiwa kidogo inashika vizuri zaidi kuliko ikiwa nyingi, wengi hawaamini hilo mpaka wajaribu kuvunja paneli mbili waone ipi inapasukia kwenye mbao na ipi inaachia kwenye gundi. Kila paneli ikikamilika inaingia chini ya matofali kivulini, siku nzima, na msimu wa masika huko kwenu pwani mpe siku mbili. Ukiwa na vigae sita una paneli tatu zinakauka huku we unaendelea na ya nne, kwa hiyo kusubiri hakukuli muda wako.

Jambo jingine kabla hujagusa gundi, chambua njiti. Kwenye boksi moja utakuta zilizonyooka, zilizojipinda kidogo, na zilizopasuka au zenye unene wa ajabu. Ziviringishe juu ya kioo, iliyopinda inajionyesha yenyewe inarukaruka. Nyoofu ndo za uso wa mbele na nguzo, za wastani zinaingia tabaka la kati ambalo hakuna atakayeliona, zilizobaki zikatwe vipande vifupi kwa mapambo. Hamna cha kutupa.

Sasa ukubwa. Umesema mita moja na nusu, mi nakushauri achana na hiyo namba, chagua skeli kwanza, yani uwiano wa mfano wako na jengo halisi, na upana utajitokeza wenyewe. Sababu ni kwamba njiti yako huwezi kuibadilisha, ni milimita 2 na itabaki milimita 2, kwa hiyo yenyewe ndo inaamua kitu gani unaweza kukionyesha. Kwenye skeli ya 1 kwa 50 njiti moja ni sentimita 10 za jengo halisi. Kwenye 1 kwa 100 ni sentimita 20. Kwenye 1 kwa 25 ni sentimita 5. Uzuri wa Beit al-Ajaib ni baraza zake, zile nguzo za chuma nyembamba ndefu zinazozunguka jengo ghorofa kwa ghorofa na vizuizi vya mbele ya baraza, ukizifanya nene jengo limekufa, hata mtoto wa Forodhani atakwambia hiyo sio. Kwenye 1 kwa 100 nguzo ni njiti moja na vizuizi haviwezekani kabisa. Kwenye 1 kwa 50 nguzo unaitengeneza kwa njiti nne zilizogundishwa mraba alafu unazungushia msasa laini mpaka iwe mviringo, na vizuizi unavipata kwa njiti zilizopasuliwa katikati kwa wembe. Kwa hiyo mi ningeenda na 1 kwa 50. Na angalia bahati iliyopo, tabaka zako tatu ni milimita 6, kwa skeli hiyo ni sentimita 30, na kuta za mawe ya matumbawe za majengo kama lile ni nene, basi unene wa paneli yako hautaonekana wa kinafiki kwenye madirisha na milango, ukihitaji zaidi unaongeza tabaka mbili uwe na tano.

Vipimo utavipata wapi? Ukienda Unguja pima kwa tepu kile unachoweza kukifikia kwa ruhusa, umbali kati ya nguzo moja na nyingine ndo namba muhimu kuliko zote kwa sababu inajirudia jengo zima. Ukishakuwa nayo, chukua picha iliyopigwa kwa mbele kabisa sio ya pembeni, hesabu nafasi za nguzo, zidisha. Kimo unakipata kwa picha hiyo hiyo kwa kulinganisha na nafasi hiyo. Lakini kuna uamuzi lazima uufanye kabla ya yote, unajenga Beit al-Ajaib ya mwaka gani? Sultan Barghash aliijenga 1883 na wakati huo mnara ulikuwa umesimama peke yake mbele ya jengo. Waingereza walipopiga mizinga Zanzibar Agosti 1896 mnara ule uliharibika, na jengo lilipokarabatiwa, 1897, mnara wa saa ukawekwa kwenye uso wa jengo lenyewe, ndo sura ambayo wengi tunaijua kwenye picha. Alafu tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ikaporomoka na watu wakafa. Mi nakuomba kwa dhati ujenge sura ya baada ya 1897, picha zake ni nyingi, na mzee wa Mji Mkongwe akija kuangalia aione ile aliyoizoea tangu utotoni. Ila usichanganye, usiweke ule mnara wa zamani uliosimama peke yake na huu wa kwenye uso wa jengo kwa pamoja, hilo ni kosa litakaloonekana na kila anayejua.

Njiti ngapi sasa. Njiti iliyokatwa kichwa inafunika milimita 2 kwa takriban 40, yani mita moja ya mraba, tabaka moja, inakula njiti 12,500. Ichore kwenye karatasi ya grafu, jumlisha kuta zote, sakafu za baraza na paa. Tuseme, kwa kufanyia hesabu tu, umepata mita za mraba 2. Kwa tabaka tatu ni mita 6, ambayo ni njiti 75,000. Ongeza moja ya tano kwa ajili ya nguzo, vizuizi na zinazoharibika, unafika 90,000. Kwa boksi la njiti 40 hayo ni maboksi 2,250, kwa hiyo usinunue dukani moja moja, nenda kwa wa jumla ununue katoni, na ununue za aina moja mpaka mwisho maana kila kiwanda kina rangi yake ya mbao na ukichanganya ukuta unatoka na mabaka.

Kwa gundi na muda kuna mtu wa kupimia. Mfaransa Richard Plaud alimaliza mnara wa Eiffel wa njiti Desemba 2023, mita 7.187 kwenda juu, njiti 706,900, kilo 23 za gundi, saa 4,200 ndani ya miaka 8. Gawanya mwenyewe: kilo moja ya gundi inabeba njiti kama 30,000, na kwa saa moja anaweka kama 168. Mnara wake unaiga vyuma vilivyokatizana, yako ina kuta tupu nyingi kwa hiyo utaenda haraka kidogo, lakini ukitumia namba zake hutajidanganya. Njiti 90,000 ni kilo 3 za gundi na saa kama 535. Ukikaa saa mbili kila jioni ni miezi tisa bila kupumzika, sema mwaka. Mwambie na mkeo au mama mapema kwamba meza moja ya nyumba haitakuwa yao kwa mwaka mzima, ni haki yao kujua.

Vichwa. Hapa nisikilize vizuri. Kichwa cha kiberiti kina potasiamu kloreti, ni kitu kinachosaidia moto kuwaka kwa nguvu, na ile fosforasi nyekundu ipo kwenye ubavu wa boksi ndo maana njiti inawaka ikikwaruzwa pale. Lakini rundo la vichwa peke yake, vikisagana au vikapata cheche, linawaka lote kwa mpigo na halizimiki kwa kupuliza. Kwa hiyo usikusanye vichwa kwenye chupa wala kopo kavu hata siku moja, weka kopo lenye maji chini ya mkono wako, kila kichwa kinadondokea humo, jioni unakwenda kufukia mbali na watoto na kuku. Maboksi matupu peleka chumba kingine kabla hujaanza kukata. Kukata tumia koleo la kukatia waya lenye meno mafupi, njiti tano sita kwa pamoja zikiwa zimelingana, kata milimita chache chini ya kichwa ili na ile sehemu yenye nta iondoke, nta inazuia gundi kushika. Usikate kwa wembe kwa kusugua. Na hata kama mikono ina haraka usikate zote 90,000 kwanza, kata za siku mbili tatu, jenga, kata tena, vidole vinapumzika.

Wote wanaofanya kazi hii wamechoshwa na vichwa. Patrick Acton wa Gladbrook, jimbo la Iowa kule Marekani, alianza 1977 na kanisa dogo la njiti 500, kwa miaka ya mwanzo alikuwa anakata vichwa kwa kisu moja moja, baadaye akaagiza zisizo na vichwa kutoka kwa watengenezaji, na ndo akafika kwenye jengo la bunge la Marekani, Capitol, la njiti 478,000. Plaud naye alianza na za supamaketi, akachoka, akaagiza zisizo na vichwa. Wewe jaribu kuandika barua kiwanda cha viberiti uulize kama watakuuzia kwa kilo kabla hazijachovywa, kukataa watakataa lakini kuuliza ni bure. Na kwa vile we ni seremala najua wazo litakalokujia, kuchana njiti zako mwenyewe kutoka kwenye mabaki ya mbao. Usifanye. Sababu nitaieleza kwenye swali la rekodi.

Nguzo na vizuizi vya baraza ndo sehemu nzuri kuliko zote na ndo itakayokupa sifa. Ziko nyingi na lazima zifanane, jicho la mtu linasamehe ukuta wenye mstari, halisamehi nguzo moja fupi katikati ya ndefu. Tengeneza kalibu: kipande cha plaiwudi, nailoni juu yake, misumari midogo imepigwa kufuata mchoro wa nafasi moja ya baraza, nguzo mbili, boriti ya juu, kizuizi cha chini. Unalaza njiti kati ya misumari, unagundisha, unabana kwa vibanio vya nguo, ikikauka unaivua, nyingine inaingia. Ya kwanza kabisa iandike alama nyekundu na kila inayofuata uilinganishe na hiyo ya alama, usilinganishe na ya jana, maana ukilinganisha na ya jana kosa la nywele moja linakua kila siku na ukifika ya arobaini umeshatoka nje kabisa. Penye kuzunguka, loweka njiti kwenye maji ya moto, izungushe kwenye chupa, funga kwa uzi, iache ikauke hapo hapo. Acton yeye anaziminya kwa koleo lenye ncha, minyo ndogo ndogo zilizokaribiana, mpaka njiti inakubali kupinda bila kukatika, kwa mikunjo midogo hiyo ni nzuri zaidi.

Kuunganisha: usilifanye jengo kipande kimoja. Pima mlango wa nyumba yako leo. Jengo hili limekurahisishia, sakafu za baraza zinazunguka kila ghorofa, kwa hiyo kata jengo hapo, kila ghorofa iwe sanduku lake linalokaa juu ya lingine kwa vijiti vya kuchomeka, na mstari wa maungio unajificha chini ya sakafu ya baraza. Mnara uwe peke yake. Ndani ya kila sanduku weka kuta za kukingama kila baada ya sentimita 20 hivi, za paneli hizo hizo, ndo zinazofanya skwea ibaki skwea. Acha na uwazi wa katikati, lile jengo lina ua mkubwa ndani na ukiuacha wazi hewa inapita, unyevu haubaki umefungiwa.

Mwisho wa ujenzi ni vanishi, na hapa usirudishe maji uliyoyafukuza tangu mwanzo. Tumia ya thina, sio ya maji, tabaka nyembamba, na upake ndani na nje, paneli kwa paneli kabla hujaunganisha, ila maeneo ya kugundisha uyabandike selotepu yasipate. Ukipaka nje tu ndani ikabaki mbichi, unyevu wa pwani utaingia upande mmoja na unajua kitakachotokea.

Rekodi. Kwa wingi wa njiti sahau kwa sasa, Mwingereza David Reynolds alijenga mtambo wa mafuta wa bahari ya kaskazini kwa njiti zaidi ya milioni 4, miaka 15. Kwa urefu, kabla ya Plaud alikuwepo Toufic Daher wa Lebanoni na Eiffel ya mita 6.53 ya 2009. Cha kujifunza ni yaliyompata Plaud, Guinness, wale wanaotunza rekodi za dunia, walimkatalia mwanzoni kwa sababu njiti zake zilikuwa za kuagiza kiwandani, sio zile anazouziwa mtu yeyote dukani, akaumia sana, na Februari 2024 wakakubali kwamba wamekuwa wakali kupita kiasi wakampa. Ndo maana nakukataza kuchana njiti karakana. Ukitaka kuomba chochote, andika kwao uombe masharti kabla hujaendelea, tunza risiti za katoni, piga picha kila wiki rula ikiwa pembeni, andika daftari la njiti na saa.

Wiki hii fanya kitu kimoja tu: nafasi moja ya baraza, nguzo mbili, kipande cha ukuta nyuma yake chenye mlango, sakafu chini na juu, skeli 1 kwa 50. Iache wiki mbili chumbani bila matofali, alafu iweke juu ya kioo uangalie kama pembe zote nne zinagusa. Nitumie picha ya hiyo, ikiwa imepigwa kwa ubavu.